Mwongozo Kamili wa Kuunganisha Kituo cha Hali ya Hewa cha Nyumbani na Intaneti kwa Simu, Bila Kompyuta

Kwa miaka mingi, mtu aliyetaka vipimo vya kituo chake cha hali ya hewa vionekane kwenye intaneti alilazimika kuacha kompyuta ikiwaka usiku na mchana, ikiwa imeunganishwa kwa waya na skrini ya kituo, huku programu maalumu ikisoma joto, upepo na mvua na kuvituma kwenye seva. Umeme ulipokatika, au kompyuta ilipojizima ili isasishe programu zake, takwimu za siku hiyo zilibaki na pengo. Sasa kazi hiyo hufanywa na kipokezi kidogo kinachoenea kiganjani, kinachotumia umeme wa chaja ya kawaida ya simu, na ambacho mipangilio yake yote hufanyika kwa simu janja. Mwongozo huu unafuata kazi hiyo tangu kuchagua vifaa hadi takwimu kuonekana hadharani, kwa kutumia mfano wa nyumba iliyoko Moshi, takribani mita 900 juu ya usawa wa bahari, yenye ruta ya laini ya simu na vifaa vya kampuni ya Ecowitt.

Kuunganisha kwenyewe huchukua muda mfupi kwa mtu aliyejiandaa. Nafasi kubwa nimeipa kazi inayofuata, yaani kuhakikisha kuwa namba zinazotumwa ni za kweli, kwa kuwa mkulima wa jirani anayetazama mvua yako kwenye simu yake hana njia ya kujua kama kipima mvua chako kimewekwa chini ya mwembe.

Jinsi takwimu zinavyosafiri

Vihisi vilivyo nje hupima na kurusha vipimo kwa mawimbi ya redio kila baada ya sekunde chache. Kihisi cha WS69, kwa mfano, hurusha kila baada ya sekunde 16. Kipokezi kilicho ndani ya nyumba hunasa mawimbi hayo, huongeza vipimo vyake chenyewe vya joto la ndani na mgandamizo wa hewa, kisha hutuma vyote kupitia Wi-Fi ya nyumbani hadi kwenye seva ulizozichagua. Simu ni ya kupangia na kutazamia tu, kwa hiyo ukishamaliza unaweza kusafiri nayo na kituo kikaendelea kutuma bila wasiwasi.

Kuchagua vifaa

Kabla ya kulipia chochote, angalia masafa ya redio yaliyoandikwa kwenye boksi. Vifaa hivi hutengenezwa kwa masafa ya 433, 868 au 915 MHz, na kihisi cha masafa fulani hakisikiki kabisa kwenye kipokezi cha masafa mengine. Yale ya 915 yametengwa kwa ajili ya bara la Amerika. Afrika, katika mgawanyo wa ITU (shirika la Umoja wa Mataifa la mawasiliano), iko Kanda ya 1 pamoja na Ulaya, hivyo chagua 868 au 433, na hakikisha kila kihisi utakachoongeza baadaye ni cha masafa hayo hayo. Anayeletewa vifaa na ndugu aliyeko Marekani amtajie jambo hili waziwazi, kwa sababu madukani kule vilivyopo kwa kawaida ni vya 915.

Kwa upande wa kipokezi, GW1100 ni kidogo na huchomekwa moja kwa moja kwenye tundu la USB la chaja. GW2000 ina pia tundu la waya wa mtandao, na kama ruta yako iko karibu ningekushauri utumie waya huo, kwa kuwa matatizo mengi utakayosoma hapa chini ni matatizo ya Wi-Fi. GW3000 huongeza sehemu ya kuweka kadi ya kumbukumbu, ambayo huhifadhi vipimo hata intaneti inapokatika. Panapokuwa na mtandao wa kusuasua, kadi hiyo ina thamani kubwa.

Kwa vihisi vya nje kuna njia mbili. WS69 hupima mvua kwa kikombe kidogo kinachojaa na kupinduka, na kila kinapopinduka huhesabiwa. WS90 haina sehemu inayozunguka wala kupinduka: upepo hupimwa kwa mawimbi ya sauti, na mvua kwa mtikisiko wa matone yanayogonga sehemu ya juu. Kifaa cha namna hii hakihitaji matunzo mengi, ila kipimo chake cha mvua kinakadiriwa kutokana na nguvu ya matone, na mlingoti unaotikisika unaweza kukipotosha. Kwa mtu anayejali mvua za masika kuliko kitu kingine chochote, na wengi wetu tuko hivyo, kikombe kinachopinduka bado ndicho ninachokiamini. Mwenye WS90 anaweza kuongeza kipima mvua cha WH40, kisha akachagua katika mipangilio kipi kati ya viwili kitumike kwa takwimu zinazotumwa.

Wenye vituo vya aina nyingine nao hawalazimiki kununua kompyuta. Vantage Pro2 ya Davis hupokelewa na kifaa kiitwacho WeatherLink Live, kinachotuma takwimu weatherlink.com na kutoka hapo zikasambazwa kwingine. Vituo vya zamani vyenye waya wa USB pekee vinaweza kuhudumiwa na Meteobridge, ambayo ni programu inayowekwa ndani ya ruta ndogo.

Jaribu kila kitu mezani kwanza

Usipande juu ya paa na kihisi ambacho hakijathibitishwa. Weka betri, weka kihisi na kipokezi ndani ya chumba kimoja vikiwa vimeachana mita 2 au 3, na usiendelee hadi uone vipimo kwenye simu. Mimina maji kidogo polepole kwenye kipima mvua cha kikombe na uone kama hesabu inapanda. Zungusha kipima upepo kwa kidole. Hitilafu inayogunduliwa mezani hurekebishwa kwa dakika chache, na ile ile ikigunduliwa juu ya mlingoti itakugharimu siku nzima na fundi wa ngazi.

Kuandaa ruta

Vipokezi hivi hutumia Wi-Fi ya 2.4 GHz peke yake. Ruta nyingi za sasa hutangaza 2.4 na 5 GHz kwa jina moja, na hapo ndipo simu na kipokezi hupishana bila kuonana. Fungua mipangilio ya ruta kwa simu, utenganishe majina hayo mawili, au uzime 5 GHz kwa muda wa kazi hii. Ulinzi wa Wi-Fi uwe WPA2. Ruta iliyowekwa kwenye WPA3 pekee inaweza kukikataa kipokezi bila kueleza sababu. Jina la Wi-Fi na nywila yake viwe na herufi na tarakimu za kawaida, bila nafasi wala alama ngeni.

Kifaa kidogo cha intaneti cha mfukoni, kile kinachoitwa MiFi, kinafaa pia, mradi ukizime kipengele kinachokilaza usingizi kinapokosa matumizi. Intaneti ya kushirikishwa kutoka kwenye simu inafaa kwa majaribio tu, kwa sababu simu ikitoka nyumbani kituo kinanyamaza.

Kuunganisha kipokezi kwa simu

Ipo programu ya simu ya Ecowitt kwenye Play Store na App Store, na inafanya kazi vizuri. Hata hivyo, nitaeleza njia ya kivinjari, kwa kuwa haibadiliki kila programu inaposasishwa na inafanya kazi kwenye simu yoyote.

Chomeka kipokezi kwenye umeme na usubiri dakika moja. Kisha ingia kwenye simu, zima data ya laini na uzime VPN kama unayo. Hatua hii ndiyo inayowashinda wengi: kipokezi kinatangaza Wi-Fi yake chenyewe isiyo na intaneti, na simu ikishaona hakuna intaneti huihama kimyakimya na kurudi kwenye data, huku mwenye simu akidhani kifaa ni kibovu. Fungua orodha ya Wi-Fi, tafuta jina linaloanza na GW1100 au GW2000, ujiunge nalo, na simu ikikuuliza kama ungependa kubaki kwenye mtandao usio na intaneti, kubali. Jina hilo lisipoonekana, bonyeza na ushikilie kitufe kidogo cha kipokezi kwa sekunde chache hadi taa ianze kumetameta, kisha utafute tena. Wanaotumia programu ya Ecowitt kwenye Android wawashe pia huduma ya mahali na kuiruhusu programu iitumie, kwani bila ruhusa hiyo Android haiipi programu orodha ya Wi-Fi zilizo karibu.

Sasa fungua kivinjari na uandike 192.168.4.1 mahali pa anwani. Utaona ukurasa wa kipokezi chenyewe. Ingia sehemu ya mtandao, chagua Wi-Fi ya nyumbani kwenye orodha, andika nywila, uhifadhi. Baada ya muda mfupi ukurasa utaonyesha anwani ambayo ruta imekipa kipokezi, mathalani 192.168.1.23. Iandike mahali. Rudisha simu kwenye Wi-Fi ya nyumbani, andika anwani hiyo kwenye kivinjari, na ukurasa uleule utafunguka, safari hii kupitia ruta. Tangu hapa huhitaji tena Wi-Fi ya kipokezi, na ni vyema uiwekee nywila ili mpita njia asiingie kwenye mipangilio yako.

Ndani ya ukurasa huo kuna orodha ya vihisi, kila kimoja na namba yake ya utambulisho, hali ya betri na nguvu ya mawimbi. Linganisha namba ya utambulisho na iliyoandikwa kwenye kihisi chako. Kama jirani naye ana kituo cha aina hiyo, kipokezi chako kinaweza kunasa kihisi chake, ukajikuta unatangaza upepo wa uani kwake. Weka pia majira ya Afrika Mashariki, yaani saa 3 mbele ya UTC.

Kufungua akaunti na kutuma takwimu

Kuna huduma kadhaa, na kipokezi kimoja kinaweza kutuma kwa zaidi ya moja kwa wakati mmoja. Anza na ecowitt.net, ambayo huhifadhi grafu zako na kukuwezesha kutazama kituo ukiwa mbali. Utafungua akaunti kwa barua pepe, kisha utaongeza kifaa kwa kutumia anwani yake ya MAC, ile iliyochapishwa kwenye kibandiko cha kipokezi.

Kwa kuonekana hadharani, huduma inayojulikana zaidi ni Weather Underground, iliyoanzishwa mwaka 1995. Fungua wunderground.com kwa kivinjari cha simu, jisajili, thibitisha barua pepe, halafu ongeza kifaa kipya. Utaulizwa mahali kilipo kwenye ramani, mwinuko na urefu wa vihisi kutoka ardhini. Ukimaliza utapewa vitu viwili: namba ya kituo na ufunguo. Vinakili na kuvibandika badala ya kuviandika kwa mkono, kwa kuwa sifuri na herufi O zinafanana mno kwenye skrini ya simu, na herufi moja ikikosewa, takwimu zitakataliwa. Rudi kwenye ukurasa wa kipokezi, fungua sehemu ya huduma za hali ya hewa, bandika vyote viwili mahali pa Wunderground, washa, hifadhi. Takwimu zikifika, ukurasa wa kituo chako utaanza kuonyesha joto la sasa. Weathercloud hufuata utaratibu kama huo wa namba na ufunguo. Mwenye seva yake mwenyewe, au shule inayotaka kupokea takwimu kwake, atatumia sehemu iliyoandikwa "Customized".

Ramani ya huduma hizi inaonekana na dunia nzima. Hakuna ubaya kusogeza alama ya kituo hadi barabara ya karibu badala ya kuiweka juu ya paa la nyumba yako. Mita 100 hazitabadilisha maana ya takwimu.

Mahali pa kuweka vihisi

Shirika la Hali ya Hewa Duniani (WMO) linataka joto lipimwe kwenye kivuli chenye kupitisha hewa, kati ya mita 1.25 na mita 2 juu ya ardhi, na upepo upimwe mita 10 juu mahali palipo wazi. Kifaa kimoja kilichobeba vyote hakiwezi kutimiza masharti hayo yote mawili, hivyo utalazimika kuamua kipi ni muhimu zaidi. Kwa nyumba zetu, adui mkubwa wa kipimo cha joto ni bati. Paa la bati likipigwa na jua la saa saba huchemsha hewa iliyo juu yake, na kihisi kilichofungwa karibu nalo kitaripoti joto ambalo hakuna mtu aliyeketi uani analisikia. Ukiweza, weka kifaa kwenye nguzo imara juu ya majani, mbali na kuta na zege, ukubali kwamba upepo utapimwa pungufu; au weka kifaa juu kwa ajili ya upepo na uongeze kihisi kidogo cha joto chini, ndani ya kikinga jua.

Kipima mvua kiwe mbali na kizuizi chochote kwa umbali usiopungua mara mbili ya kimo ambacho kizuizi hicho kimekizidi. Mti ulioinuka mita 6 juu ya kipima mvua unadai umbali wa mita 12 au zaidi. Kisawazishe kwa pima maji, kwa sababu kikombe kilichoinama huhesabu vibaya. Alama ya kaskazini iliyo kwenye kifaa ielekezwe kaskazini kwa dira ya simu. Kama kitabu cha kifaa kinatenganisha kusini na kaskazini ya ikweta, fuata maelezo ya kusini kwa Tanzania yote.

Kurekebisha mgandamizo wa hewa

Hapa ndipo vituo vingi vya nyumbani hudanganya bila wenyewe kujua. Kipokezi hupima mgandamizo halisi wa mahali kilipo, ambao hupungua kadiri unavyopanda juu. Karibu na bahari hupungua hektopaskali 1 (hektopaskali ni kizio cha kupimia mgandamizo) kwa kila mita 8 hivi. Moshi, kwenye mita 900, kipimo halisi kitakuwa karibu na 910, na Dar es Salaam kitakuwa karibu na 1013. Ili vituo vilinganishwe, kila kimoja hutakiwa kutangaza mgandamizo uliopelekwa usawa wa bahari, na kipokezi hakiwezi kuujua mpaka ukisaidie.

Chukua kipimo cha uwanja wa ndege ulio karibu. Taarifa za viwanja, zinazoitwa METAR, hupatikana bure kwenye intaneti kwa kutafuta alama ya kiwanja: HTKJ ni Kilimanjaro, HTDA Dar es Salaam, HTMW Mwanza, HKJK Nairobi na HKMO Mombasa. Ndani ya taarifa kuna herufi Q ikifuatwa na namba, kwa mfano Q1015. Hiyo ndiyo hektopaskali kwenye usawa wa bahari. Kama wakati huohuo kipokezi chako kinaonyesha 911, tofauti ni 104, nayo utaiingiza kwenye sehemu ya urekebishaji ili kipimo cha usawa wa bahari kisomeke 1015. Rudia kwa siku kadhaa na uchukue wastani, kwa kuwa namba ya METAR haina desimali.

Linganisha saa ileile, wala usitumie kipimo cha asubuhi kwa taarifa ya jioni. Katika nchi za tropiki mgandamizo hupanda na kushuka mara mbili kila siku, juu kabisa karibu na saa nne asubuhi na saa nne usiku, chini kabisa karibu na saa kumi jioni na saa kumi alfajiri, na tofauti hufikia hektopaskali 3 au 4. Grafu yako ikionyesha mawimbi hayo mawili kila siku, kipimo ni kizima.

Kuhakiki mvua

Weka kopo lenye kuta zilizonyooka kando ya kipima mvua, na baada ya mvua kubwa pima kina cha maji kwa rula. Milimita za maji koponi ndizo milimita za mvua. Tofauti ikijirudia upande uleule mara kadhaa, rekebisha kizidishi cha mvua kwenye mipangilio. Kumbuka pia kuwa vituo rasmi hapa kwetu husoma mvua ya saa 24 saa tatu asubuhi, wakati kipokezi kwa kawaida huanza hesabu mpya saa sita usiku. Mvua ya usiku wa manane itaangukia siku tofauti kwenye orodha hizo mbili, na hilo lisikufanye udhani kwamba kimoja kimekosea.

Umeme na bando

Kipokezi hutumia umeme kidogo sana, na pawa benki inayochaji huku ikitoa umeme humudu kukivusha kwenye mgao. Ruta ndiyo hudai zaidi. Tafuta betri ndogo ya akiba iliyotengenezwa kwa ajili ya ruta, kwa sababu kipokezi chenye umeme bila ruta hakitumi kitu. Kuhusu bando, ukituma kila dakika utakuwa na ujumbe 1,440 kwa siku. Nikikadiria kilobaiti 2 kwa kila ujumbe, huduma moja itakula takribani megabaiti 86 kwa mwezi, na ukituma kila baada ya dakika 5 zitashuka hadi 17 hivi.

Usajili na matunzo

Kwa walio Tanzania, sheria ya mwaka 2019 iliyounda Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) inagusa pia usajili wa vituo vya watu binafsi na taasisi, kwa hiyo wasiliana na ofisi ya TMA iliyo karibu kabla ya kutangaza kituo chako. Kutangaza vipimo vyako ni jambo moja, kutoa utabiri na tahadhari kwa umma ni jukumu la Mamlaka.

Kila mwezi ondoa majani, vumbi na utando wa buibui kwenye mdomo wa kipima mvua, na kabla ya vuli na masika ukague betri. Kituo kikipotea ghafla kwenye intaneti, anza na ruta, kisha orodha ya vihisi, na akaunti iwe ya mwisho. Na ukibadilisha ruta, ipe ruta mpya jina na nywila zilezile za Wi-Fi ya zamani. Kipokezi kitajiunga chenyewe bila kuguswa.